Fundi Mmoja, Fomu Tatu

Mjinga wa siku ile alikuwa Futi, na hilo halina ubishi, maana mwenyewe hulikubali kabla hujamuuliza. Wenzake nao walichangia, tena kwa moyo mkunjufu, lakini ukiugawa ujinga wa mchana ule kwa mafungu, fungu nono lilikuwa lake.

Futi ni fundi wa nguo. Jina hilo alilipata kwa ajili ya utepe wa kupimia ambao hukaa shingoni mwake tangu anapoamka hadi anapolala. Mkewe huapa kwamba hata siku ya ndoa yao aliuvua kwa kubembelezwa. Kibanda chao kina cherehani mbili. Ya Futi iko mlangoni, ya mkewe iko ndani, nyuma ya rafu ya vitambaa. Nje, chini ya bati lililochomoza, kuna benchi la wateja. Wateja hawalikalii. Wanaolikalia ni watu watatu ambao kwa miaka yote hiyo hawajawahi kushonesha hata mfuko wa suruali.

Wa kwanza ni Karani, anayefanya kazi katika ofisi ya mizigo ng'ambo ya barabara na ambaye chakula chake cha mchana huanza saa sita na kwisha anapojisikia. Wa pili ni Picha, mpiga picha wa harusi, mtu wa miwani ya giza hata mvua ikinyesha. Wa tatu ni Waya, fundi wa redio na simu, ambaye mifukoni mwake hamkosi bisibisi, na aghalabu kipande cha redio ya mtu anayeitafuta.

Asubuhi ile mke wa Futi alikuwa ameweka simu ya mumewe juu ya meza ya kukatia, akaigonga kwa kidole.

"Fomu ya chuo cha uuguzi hiyo, wametuma. Wanatafuta fundi wa sare mia na ishirini. Nimepiga hesabu ya cherehani mbili: siku ishirini na nne. Si ishirini na tatu, si ishirini na tano. Mwisho wa kupokea ni leo saa kumi alasiri. Ijaze, uitume."

"Nitaijaza sasa hivi."

"Sasa hivi yako ninaijua. Tangu mwaka uanze tunakula kwa kubadilisha zipu za watu. Fomu hii ikitupita, itabidi tuuze cherehani moja, na yangu siiuzi."

Futi aliitazama cherehani yake kwa huruma, akaapa kuwa fomu itakwenda. Tatizo lilikuwa moja: fomu yenyewe haikubali kujazwa kwenye simu, ilitaka kompyuta, na Futi hana kompyuta. Lakini ana marafiki watatu wenye kompyuta. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Saa saba na nusu benchi lilikuwa limejaa. Waya alikuwa anasoma habari kwenye simu, na kama kawaida yake hakusoma kimoyomoyo.

"Sikieni hii. Watafiti wamewaweka watu elfu mbili mbele ya kompyuta za kila aina, wakawapa kazi zilezile, na sasa wamegundua mfumo ulio rahisi kutumia kuliko yote duniani."

"Ni wetu wa madirisha," alisema Karani. "Endelea."

"Ni wa tofaa," alisema Picha, ambaye kompyuta yake ina tofaa lililong'atwa mgongoni. "Hata huna haja ya kuendelea."

Waya alitelezesha kidole, akatulia, akakunja uso. "Wamefunga. Wanasema ukitaka kujua ni upi, jiandikishe ulipie."

"Kwa hiyo hujui," alisema Karani.

"Najua. Ni wa pengwini, huu ninaoutumia mimi. Ila hawataki kuutaja bure."

Basi. Hakuna aliyejua watafiti walisema nini, na hilo liliwapa wote watatu uhuru mkubwa wa kuwaunga mkono.

"Mimi nina mwaka wa kumi na tisa ofisini," alianza Karani, akiipapasa kompyuta yake pana kama sinia. "Mfumo wa madirisha kila mtu anaujua. Bosi anaujua. Mlinzi anaujua. Hata mtu asiyejua kitu, anajua pa kubonyeza."

"Kila mtu anaujua kwa sababu kila mtu amewahi kuungoja," alisema Picha. "Nilikuja ofisini kwenu kuchukua mzigo wangu, ukaniambia nisubiri, kompyuta inajisasisha. Nikakaa. Nikamaliza gazeti. Nikaanza kusoma matangazo ya vifo."

"Hapo ndipo usipoelewa kazi ya ofisi," alisema Karani bila haya. "Inaposema subiri, mimi nasubiri kwa mshahara. Wewe tofaa lako limewahi kukupumzisha?"

"Langu halichoki, kwa hiyo na mimi sichoki."

"Halichoki lakini halina matundu," Waya alidakia. "Juzi umekuja kwangu na kamera, na kadi ya kumbukumbu, na waya wa runinga, vyote vinalia nje kama watoto waliofungiwa mlango. Kompyuta ya bei ya ng'ombe wanne, na kuiingizia kitu lazima ununue kitu kingine cha kuingizia."

"Ni usafi, bwana. Nyumba nzuri haina milango kila ukuta."

"Na wewe Waya nyamaza," alisema Karani. "Wewe mashine yako ina kioo cheusi na herufi nyeupe. Ukitaka kufungua barua unaandika insha. Ukikosea nukta moja inakujibu kwa dharau."

"Inakujibu ukweli. Yenu inawaambia 'samahani, kuna tatizo', halafu basi, kama daktari anayekuficha. Yangu inaniambia tatizo liko mstari wa arobaini na mbili. Nakwenda mstari wa arobaini na mbili. Nalikuta limekaa."

"Mimi sitaki kwenda mstari wa arobaini na mbili. Nataka kuchapa barua."

Futi alikuwa anapindisha upindo wa suruali huku masikio yakiwa nje. Akaona ndiyo nafasi. Akatoka na simu yake, utepe ukining'inia, akaeleza habari ya fomu, ya saa kumi, ya cherehani. Alitegemea mmoja wao aseme, lete nikujazie. Walisema wote watatu, kwa pamoja, na kila mmoja akaanza kufungua begi.

"Subirini," alisema Waya, macho yakimng'aa. "Huu sasa ni utafiti. Fomu ni moja, fundi ni mmoja, mashine tatu. Tutaona nani anamaliza kwanza. Hatuhitaji kulipia gazeti la mtu."

Hapo palihitajika mtu mzima wa kusema hapana. Mtu mzima aliyekuwepo ni Futi. Akasema, "Haya, twende," akawatumia wote watatu ile fomu.

Walizipanga kompyuta tatu kwenye benchi, wenyewe wakapiga magoti chini kama wanaonawa kisimani. Futi alisimama juu yao na mikono nyuma, akijiona mkurugenzi. Jambo la kwanza lililomgusa halikuwa la fomu. Karani alifungua dirisha asilolihitaji, akalifunga kwa alama ya msalaba iliyo kona ya kulia. Picha naye akalifunga lake, lakini kwa kona ya kushoto.

"Hebu rudia," alisema Futi.

Wakarudia. Kulia. Kushoto.

Futi alishika kidevu. Akainama akavitazama vioo viwili kwa utulivu wa mtu anayekagua mshono. "Jamani, mbona hili liko wazi na nyinyi mnagombana bure? Shati la kiume vifungo hukaa kulia. Blauzi hukaa kushoto. Karani, yako imeshonwa kiume. Picha, ndugu yangu, wewe siku zote hizi umevaa blauzi."

Karani alicheka mpaka akashika ukuta. Picha alivua miwani ya giza, jambo linalotokea kwa nadra.

"Na yangu?" aliuliza Waya kwa kiherehere. "Yangu unaweka vifungo upande wowote unaotaka. Kulia, kushoto, chini. Ukitaka unaviondoa kabisa."

"Hiyo si shati wala blauzi," alisema Futi. "Hilo ni shuka."

Kutoka ndani cherehani ya mkewe ilinyamaza kidogo. "Fomu imekwenda?"

"Inakwenda," alijibu Futi.

Cherehani ikaendelea.

Karani alikuwa wa kwanza kufika mahali pa muhimu. "Jina la mwombaji: Futi. Cherehani: mbili. Siku za kumaliza kazi?"

"Ishirini na nne."

Karani alimtazama kwa masikitiko. "Wewe hujawahi kufanya kazi ofisini. Nani anaandika siku za kweli? Ukisema ishirini na nne watakudai siku ya ishirini na nne asubuhi. Weka thelathini, upate pa kupumulia."

Futi alifikiri. Kupumua ni jambo jema. "Haya, weka."

Karani akabonyeza, fomu ikaenda chuoni kupitia barua pepe yake mwenyewe, akanyanyua mikono juu. "Dakika sita. Utafiti umekwisha."

"Umekwishia wapi?" Picha hakuinua kichwa. "Wewe umetuma karatasi. Mimi natuma kitu kinachotazamika. Futi, simama pale kwenye mwanga. Shika utepe. Tabasamu kama mtu asiyebadilisha zipu."

Akampiga picha, akaibandika juu ya fomu, nyuma yake akaondoa kibanda chote akaweka ukumbi mweupe wenye taa. Mahali pa jina aliandika Futi Mavazi ya Kimataifa. "Siku ngapi?"

"Karani ameandika thelathini."

"Kwa picha kama hii? Mtu wa ukumbi kama huu hashoni siku thelathini. Kumi na mbili."

"Lakini sisi tuna cherehani mbili tu."

"Kwenye picha hazionekani."

Hapo nafsi ya Futi ilimvuta shati kwa nyuma, na Futi akaitikisa imwachie. Karani alishakubaliwa, Picha akikataliwa, atasema amebaguliwa kwa ajili ya ile blauzi. "Haya, weka."

Picha alituma. "Dakika tisa, lakini tazama uzuri wake."

Waya ndiye aliyebaki anaandika, vidole vikilia kama mvua kwenye bati. Kioo chake kilikuwa cheusi kama walivyosema. Hakuwa anajaza fomu. Alikuwa anatengeneza programu ndogo ya kumjazia fomu.

"Ungejaza tu kwa mkono ungekuwa umemaliza," alisema Karani.

"Leo, ndiyo. Lakini siku Futi akiwa na fomu elfu moja?"

"Ana moja."

"Leo." Waya alifuta jasho. "Siku za kumaliza kazi nimezikokotoa. Sare moja saa mbili, mara mia na ishirini, gawa kwa cherehani mbili, gawa kwa saa za siku. Siku tano."

"Saa za siku ngapi?" aliuliza Futi.

"Ishirini na nne."

"Tunalala lini?"

Waya alisita, kama mtu aliyekuta mstari wake wa arobaini na mbili. "Nitaongeza usingizi. Siku nane."

Futi alikuwa amesema ndiyo mara mbili, na ya tatu ilitoka yenyewe. "Haya, weka."

Fomu ya tatu ikaenda. Jina la mwombaji lilisomeka Futi na Wenzake, kwa sababu Waya alijihesabu.

Kwa saa moja na zaidi baada ya hapo benchi lilikuwa soko. Karani alidai ushindi kwa dakika, Picha kwa sura, Waya kwa vizazi vijavyo. Muuza kahawa alipita akaulizwa yeye anaona ipi ni rahisi. Akasema rahisi ni ile ya kuuza kahawa, akaenda zake. Futi alirudi kwenye upindo wake akiwa mwepesi moyoni. Fomu imekwenda. Tena haikwenda mara moja. Imekwenda mara tatu. Ikiwa moja ina bahati, alijiambia, tatu zina bahati mara tatu.

Saa kumi kasoro dakika kumi na tano simu yake iliita. Namba ngeni. Waya, ambaye hawezi kuiona simu ya mtu akaiacha, alimbonyezea kipaza sauti ili wote wasikie.

"Naongea na fundi Futi?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya ofisini, isiyo na haraka.

"Ndiye mimi."

"Yupi?"

Futi aliwatazama wenzake. "Samahani?"

"Mimi ni katibu wa chuo cha uuguzi. Hapa mbele yangu nina Futi, nina Futi Mavazi ya Kimataifa, na nina Futi na Wenzake. Wote watatu wana namba hii ya simu. Mmoja anashona kwa siku thelathini, mwingine kumi na mbili, mwingine nane. Nataka kujua naongea na yupi, ili nisimwambie mmoja habari za mwenzake."

Futi akaushika utepe wake. Na hapa ndipo alipoukamilisha ujinga wake, kwa sababu Karani alikuwa amemvuta mkono na kumnong'oneza, na yeye badala ya kuomba radhi akamuuliza yule mama kama alivyonong'onezwa:

"Dada, samahani. Katika hizo tatu, ipi imefunguka vizuri?"

Vichwa vitatu vilisogea karibu na simu.

"Zote zimefunguka vizuri sana," alisema katibu. "Ndiyo balaa lako. Kama moja ingegoma ningekuwa na mafundi wawili tu. Sasa sikiliza, baba. Utaratibu wetu ni mwombaji mmoja, fomu moja. Saa kumi nafunga. Niambie nibakize ipi, vinginevyo nitaziweka zote kando na wewe pamoja nazo."

"Mwambie ya kwanza," alisema Karani kwa midomo tu.

"Yenye picha," alinong'ona Picha.

Waya alinyanyua vidole vitatu na kuvitikisa.

Futi alifungua kinywa. Siku thelathini: kuna fundi mwingine atakayeandika ishirini na tano na kuichukua kazi. Siku kumi na mbili: wanafunzi wataingia wodini na sare zisizo na mikono. Siku nane: yeye na mkewe watalazwa kwenye wodi hizohizo. Na ile ishirini na nne ya kweli, aliyopigiwa hesabu asubuhi, aliyoambiwa si ishirini na tatu wala ishirini na tano, haikuwa kwenye fomu hata moja. Zaidi ya hayo, macho ya marafiki zake watatu yalikuwa yanamngoja amtaje mshindi, na hata sasa, cherehani yake ikiwa ukingoni mwa kuuzwa, aliona aibu kumkosea mtu.

"Baba, upo?"

"Nipo. Nafikiri."

"Fikiri kwa dakika zako kumi na mbili zilizobaki."

Cherehani ya ndani ilinyamaza. Safari hii haikuuliza kitu. Mkewe alitoka na pini mbili midomoni na chaki sikioni, akazitazama kompyuta tatu juu ya benchi la wateja wake, akawatazama watu watatu waliopiga magoti, akamtazama mumewe. Alizitoa pini, akazichoma kwenye kola ya Futi, na hakujali sana kama zimegusa shingo. Kisha akaichukua simu.

"Dada, habari za kazi. Mimi ndiye mwenye cherehani ya pili. Zifute zote tatu."

"Nizifute?" katibu alishangaa. "Mama, saa hii utawahi kuleta nyingine?"

"Fomu tupu unayo hapo?"

"Ninayo."

"Kama inaruhusiwa, nikutajie, uandike."

Katibu akaifungua. "Inaruhusiwa. Kuna watu hawana kompyuta, huwa nawajazia. Taja."

"Shemeji, hata mimi naweza…" alianza Karani.

Mkono wa mke wa Futi uliinuka kidogo tu, kama wa askari wa barabarani, na Karani akakomea hapohapo.

Alitaja. Jina la kibanda kama lilivyoandikwa juu ya mlango. Cherehani mbili. Mishono waliyowahi kushona, ya skule mbili na ya kiwanda cha sabuni. Kitambaa, mita mbili na robo kwa gauni, tatu na robo kwa suruali na koti. Kila alichokitaja kilifuatwa na mlio wa vitufe kutoka upande wa pili, taratibu, bila kukimbia na bila kukwama. Futi alisikiliza huku ameshika kola yake mbali na shingo. Picha alivaa miwani yake tena.

"Siku za kumaliza kazi?"

"Ishirini na nne."

"Ishirini na nne. Umesema kwa uhakika."

"Nimezihesabu na usingizi."

Waya alitazama viatu vyake.

"Nisomee yote, dada, tafadhali."

Katibu alisoma yote, kuanzia jina hadi siku. Hapakuwa na kosa. Akasema imeingia, saa kumi kasoro dakika nne, na majibu yatatoka wiki ijayo kwa kila mwombaji, na safari hii Futi ni mwombaji mmoja. Mke wa Futi alishukuru, akawa anaishusha simu ili aikate.

Mtu mwingine angekaa kimya. Wenzake wawili, kwa mara ya kwanza siku nzima, walikuwa wamekaa kimya. Lakini Waya kitu kilikuwa kinamkereketa kooni tangu saa saba na nusu.

"Shemeji, samahani, kabla hujakata. Muulize kitu kimoja tu. Yeye pale ofisini anatumia mfumo gani?"

Karani na Picha waliinua vichwa haraka. Futi naye, pini zikimchoma, aliinua chake.

Mke wa Futi aliwatazama wote wanne, mmoja baada ya mwingine. Kisha aliirudisha simu mdomoni.

"Dada, kuna watu hapa wanaumwa. Wanataka kujua hiyo kompyuta yako ni ya mfumo gani. Ya madirisha, ya tofaa au ya pengwini?"

Kipaza sauti kilitoa mlio wa kiti kinachosogezwa, na wa funguo zinazookotwa mezani.

"Hata sijui, mama," alisema katibu. "Huwa naiwasha, nafanya kazi, saa kumi naizima."